Walio Chini ya Ardhi: Wadrow, Mizimu na Watu wa Nyika

Katika ulimwengu wa kubuni wa Dungeons & Dragons, mchezo uliotungwa Marekani na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson na kuchapishwa mwaka 1974, limo taifa la viumbe wenye umbo la binadamu wanaokaa chini kabisa ya ardhi, mahali jua lisipofika. Huitwa drow. Ngozi yao ni nyeusi na nywele zao nyeupe. Watawala wao ni wanawake, makuhani wa mungu wa kike aitwaye Lolth, mwenye sura ya buibui. Hutumia sumu, humiliki watumwa, na mwanga wa mchana huwaumiza macho. Kisa cha asili yao husema kwamba zamani walikaa juu pamoja na ndugu zao, wakafanya uovu, wakalaaniwa na kusukumwa chini, na weusi wao ukawa alama ya laana hiyo. Msomaji wa pwani anayefika hapo hana budi kuguna kidogo kabla ya kuendelea.

Inafaa aendelee, kwani kazi hii ni fasihi na yastahili kuhakikiwa kama fasihi. Wachezaji huketi kuzunguka meza. Mmoja wao ni msimulizi, wengine kila mmoja amejitwalia mhusika wake, na dado huamua jambo lenye shaka. Kwa aliyelelewa na ngano za jioni, ambamo fanani huitikiwa na hadhira na wimbo wa hadithi huchukuliwa na wote, utaratibu huo si mgeni sana. Tofauti ni kwamba hapa hadhira hushika upanga, na maadamu imeshika upanga lazima pawepo wa kupigwa. Wadrow walitajwa kwa mara ya kwanza mwaka 1977 katika kitabu cha viumbe cha mchezo huo, kwa maneno machache tu. Mwaka 1978 Gygax aliwatungia mfululizo mzima wa visa ambavyo wachezaji huteremka humo, pango baada ya pango, hadi kufika katika mji wao. Tangu hapo hawakutoweka tena. Wamo katika riwaya na katika michezo ya kompyuta, ukiwemo Baldur's Gate 3 wa mwaka 2023, na kwa njia hiyo wamefika hata mikononi mwa vijana wa Mombasa, Dar es Salaam na Unguja ambao hawajapata kukiona kitabu cha mwaka 1978.

Jina lenyewe halikubuniwa na Gygax. Ni neno la Kiskoti, na ndugu yake wa karibu ni *trow* wa visiwa vya Shetland na Orkney. Wenyeji wa visiwa hivyo walisimulia juu ya watu wadogo waliokaa ndani ya vilima, wakipenda muziki kuliko kitu kingine. Mpiga fidla hualikwa kwao usiku mmoja, akapiga, akala, akatoka alfajiri, kumbe juu ya ardhi miaka mingi imekwisha kupita. Ziko tuni za fidla za Shetland zinazosemwa kuwa zilisikiwa kwanza kutoka vilimani. Hapana msomaji wa visiwani humu atakayeona ugeni katika habari hiyo. Masimulizi ya mtu aliyechukuliwa arusini na majini, akarudi na sauti isiyokuwa yake, ni ya hapa kama yalivyo ya kule. *Trow* alikuwa msumbufu, pengine mwizi, lakini alikuwa jirani mwenye karamu na mwenye haja ya kitu ambacho binadamu wa juu anacho. Gygax alilichukua jina akaiacha fidla. Katika badiliko hilo dogo ndimo mlimo kasoro yote ya Wadrow: jirani amegeuzwa kabila, na kabila limegeuzwa adui.

Watetezi wa mchezo wana jambo la kusema kuhusu weusi. Katika karne ya 13, huko Aisilandi, Snorri Sturluson aliandika juu ya viumbe wa kiza wakaao chini ya ardhi, akawaeleza kuwa weusi kuliko lami. Kwa hiyo, husema watetezi, rangi ya Wadrow inatoka kaskazini ya Ulaya, na Afrika haihusiki. Utetezi huo ni wa kweli kwa nusu. Snorri hakuwa na Mwafrika jirani yake wala sheria iliyomtenga. Aliyeandika Marekani mwaka 1978 aliandika katika nchi ambayo kisa cha rangi nyeusi kuwa alama ya laana kilikuwa kimetumika kuhalalisha utumwa. Neno haliji peke yake. Huja na waliolisema kabla.

Na baina ya Snorri na Gygax wako watu wengine. Mwaka 1887 Rider Haggard alitoa riwaya yake *She*, ambayo safari yake hupita katika pwani ya Afrika ya Mashariki na kuishia katika mapango ya mji wa kale uitwao Kôr. Humo wanaishi watu wa mapangoni, Amahagger, wenye Kiarabu kilichochakaa na desturi ya kuhesabu ukoo kwa mama, na juu yao ametawazwa malkia asiyekufa, mweupe. Haiwezi kudaiwa kwamba Gygax alinakili. Lakini picha ya jamii ya chini ya ardhi, yenye wanawake watawala, yenye kutisha na kuvutia kwa pamoja, ilikuwa imekwisha kuzoeleka katika vitabu vya Kiingereza karibu miaka 100 kabla yake, na sehemu mojawapo ilimotiwa picha hiyo ilikuwa bara lililo nyuma ya pwani hii. Wells naye, mwaka 1895, katika *The Time Machine*, aliwaweka chini ya ardhi wazawa wa wafanyakazi wa viwandani wa Uingereza. Wells walau alikuwa na ujasiri wa kusema kwamba walio chini waliwekwa huko na walio juu.

Kazi iliyowapa Wadrow uhai wa kifasihi ni ya R. A. Salvatore, hasa riwaya yake ya mwaka 1990 iitwayo *Homeland*. Mhusika wake mkuu, Drizzt, anazaliwa katika mji wa Menzoberranzan, anasomeshwa ukatili, anauchukia, na hatimaye anatoroka. Salvatore si mwandishi wa lugha nzito. Mapigano yake ni marefu mno, na tafakuri za Drizzt mwanzoni mwa kila sehemu zina utamu wa kijana anayejisikiliza. Hata hivyo iko sehemu moja ya kazi yake inayostahili heshima kamili. Drizzt anapofika juu, jua linamchoma macho, naye analivumilia siku baada ya siku kwa kuwa ameamua kuwa mtu wa huko. Anaitazama kwa mbali familia moja ya wakulima, anajifunza namna yao, anatamani kuwakaribia. Familia inauawa na wengine, na lawama inamwangukia yeye, kwani ngozi yake ni ushahidi wa kutosha. Hapo mwandishi wa burudani amegusa kitu kikubwa kuliko alichokusudia, na msomaji yeyote aliyewahi kusimama mlangoni pa watu akatazamwa kuanzia nyweleni hadi miguuni atakielewa bila kufasiriwa.

Lakini wema wa Drizzt una sharti: lazima aondoke. Kwao hakuna wimbo wa kukumbukwa, hakuna chakula cha mama, hakuna bibi mwenye hadithi. Aliye mwema huko ni yule anayetaka kutoka au anayekufa kwa kutaka. Mji mzima umetungwa ili mtu mmoja aukimbie.

Mwaka 2020 kampuni inayouchapisha mchezo, Wizards of the Coast, ilitangaza kwamba itabadili namna Wadrow na viumbe wengine wa aina hiyo wanavyoelezwa, ili wasionekane waovu kwa kuzaliwa. Mwishoni mwa mwaka 2022 ilitangaza kuacha kutumia neno la mbari kwa makundi ya viumbe wake, na vitabu vya mwaka 2024 vikafuata uamuzi huo. Marekebisho hayo ni ya haki, na wanaoyakejeli hawajafikiri vya kutosha. Ila yamegusa ngozi na jina, hayakugusa njia. Umbo la kisa limebaki lile lile: wanaotoka juu huteremka, hupigana, huchukua hazina, hupanda. Kanuni za mchezo zina hesabu ya kila silaha na kila sumu; hazina mahali pa hodi. Kwa Mswahili, kuingia penye watu pasipo hodi ni jambo linalotaka maelezo, hata kama penyewe ni pangoni. Wahenga waliposema *zimwi likujualo halikuli likakwisha*, walikuwa wamekwisha kukubali kwamba hata zimwi huweza kuwa na ujirani.

Ndiyo maana swali la tafsiri ni gumu kuliko linavyoonekana. Mtu akitaka kuwaandika Wadrow kwa Kiswahili, lugha itamletea neno la kwanza: *kuzimu*. Neno hilo si jina la taifa. Sarufi yenyewe inalikatalia. Kiambishi *ku-* kinaonesha mahali, *kuzimu kule*, na kutokana nalo Kiswahili, ambacho huzaa Wapemba kutokana na Pemba na Wanyiha kutokana na Unyiha bila taabu, hakikuzaa Wakuzimu. Wanaokaa huko ni wafu wetu, kila mmoja kwa jina lake. Mzimu nao umewekwa katika ngeli ya mti, mto, moyo na mwezi: mzimu *umekasirika*, mizimu *imeridhika*. Haukuwekwa pamoja na mtu, wala haukutupwa pamoja na kitu. Na sikio la Mswahili, vyovyote iwavyo kuhusu asili ya mzizi, husikia humo kuzima na kuzimika, yaani taa iliyokuwa ikiwaka chumba kile kile. Aliye kuzimu alikuwa hapa jana.

Ushairi wa pwani umelishika jambo hili kwa nguvu ambayo riwaya za Kimarekani hazijaikaribia. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir katika *Al-Inkishafi* anauchukua moyo wake na kuutembeza katika nyumba za Pate zilizobomoka. Taa zimezimika, vyumba vimekuwa makao ya popo na bundi, na waliokuwa wakitembea kwa maringo wamelala katika mwanamwandani penye dhiki. Walio chini ya ardhi katika utenzi ule ndio matajiri wenyewe, wenye mazulia na vyombo vya kigeni. Wanajulikana kwa koo zao. Khofu inayomshika msomaji haitokani na ugeni wao. Inatokana na kuwatambua. Hapana Mdrow hata mmoja anayeweza kumtisha mtu kwa kiasi hicho, kwa sababu Mdrow hatadai kamwe kwamba kiti alichokalia msomaji kilikuwa chake.

Said Ahmed Mohamed aliurejea mkondo huo katika *Babu Alipofufuka*, riwaya ya mwaka 2001, ambamo babu anatoka kuzimu kumkabili mjukuu aliyenona kwa madaraka na kumwonesha nchi aliyoiharibu. Mkondo wa safari umegeuka. Wa chini ndiye anayepanda, na anapanda kuja kuuliza hesabu.

Ingekuwa raha kuishia hapo, pwani ikiwa imeshinda. Lakini haki ya uhakiki yataka swali lielekezwe nyumbani pia, na hapo ndipo inapofaa kuitaja Isansa.

Isansa ni kata ya wilaya ya Mbozi, katika mkoa wa Songwe uliotengwa na Mbeya mwaka 2016; ni nchi ya nyanda za juu na kahawa, mbali sana na bahari. Wenyeji wa Mbozi ni Wanyiha. Katika maandishi ya wakati wa Wajerumani huonekana wakiitwa Wanyika, jina lile lile ambalo watu wa Mombasa waliwaitia jirani zao walio nyuma ya ufuo, hadi katikati ya karne ya 20 jina la Mijikenda lilipochukua nafasi yake. Jamii mbili zisizojuana, zenye safari ya siku nyingi baina yao, zimeandikwa kwa jina moja. Nyika haikuwa nchi. Ilikuwa upande, kama kule chini kwa Gygax: mahali panapoanza pale ustaarabu wa msemaji unapokoma. Na lugha yetu haikukosa neno la kumwita mkaaji wake. Mshenzi ni neno la Kiswahili, lenye asili ya ng'ambo na matumizi ya hapa.

Basi afikiriwe Mnyiha alivyokuwa kweli. Alikuwa mfua chuma. Wanyiha, kama jirani zao Wafipa, walijenga matanuru marefu ya udongo, wakayeyusha mawe ya chuma na kufua majembe. Kwa Wafipa tanuru jipya lilifanyiwa mambo ya bibi arusi, na chuma kilichotoka kilikuwa uzao wake. Hadithi za kaskazini ya Ulaya, na mchezo wa Gygax baada yake, huuweka ufundi huo chini ya milima kwa watu wafupi wa aina nyingine, kana kwamba anayejua siri ya chuma hawezi kuwa binadamu wa kawaida. Huko Mbozi fundi alikuwa shemeji ya mtu. Alikuwa na miiko yake, ndiyo, na siku za kuwekwa kando na mke wake. Kisha alirudi kijijini akauza jembe.

Wilaya hiyo hiyo ina kitu ambacho mtungaji wa visa vya ajabu angekionea wivu. Huko Ndolezi kipo kimondo cha chuma na nikeli, chenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, kilichojulikana kwa wageni mwaka 1930. Kilipokutwa kilikuwa kimezama ardhini, kikionekana kwa juu tu. Udongo ukachimbwa pembeni, ukaachwa mguu chini yake ambao baadaye uliimarishwa kwa saruji. Watu walichimba chuma chao ardhini, ilhali chuma cha mbinguni kimelala karibu yao, nacho kimezikwa. Mwandishi chipukizi wa Isansa anayetafuta ulimwengu wa chini ya ardhi hana haja ya kuukopa Menzoberranzan. Anao juu na chini vimebadilishana mahali nyuma ya shamba la kahawa.

Kwa msomaji wa Unguja liko pia jambo zito zaidi. Mangapwani, kaskazini ya mji, kipo chumba kilichochimbwa katika mwamba wa tumbawe, kinachohusishwa na kufichwa kwa watumwa baada ya mkataba wa mwaka 1873 uliofunga masoko yao. Waliotiwa humo walitoka bara. Walikuwa na umbo la binadamu, walikaa chini ya ardhi, na mwanga uliwaumiza macho walipotolewa. Wote walikuwa wana wa watu, na waliteremshwa kwa ngazi. Kila sifa ambayo mchezo wa Marekani uliwapa Wadrow kama tabia ya kuzaliwa, mle chumbani ilikuwa kazi ya mkono wa mtu. Fasihi ya pwani, iliyo hodari wa kumpa mfu tajiri wa Pate beti nzima nzima, haikuwapa hao sauti ya kutosha. Tenzi kubwa zina majina ya farasi na ya panga. Jina la aliyeketi Mangapwani halimo.

Shaaban Robert aliikaribia njia ya kutokea. Kusadikika, katika kitabu chake cha mwaka 1951, ni nchi inayoelea angani, na wajumbe wake hupelekwa pande sita: nne za dunia, ya mbinguni, na ya ardhini. Wahakiki wamekisoma kitabu hicho, na wamekisoma vyema, kama kilio dhidi ya utawala usiosikiliza, kwa kuwa kila mjumbe anayerudi na jambo la manufaa hutiwa gerezani. Jambo moja hupitwa kwa haraka. Kwa mkaaji wa Kusadikika, ardhi hii yenye Isansa na Mangapwani ndiyo nchi ya chini, na sisi sote tulio juu yake ndio watu wa chini. Mjumbe wa ardhini hakutumwa kuwapiga wala kuchukua hazina yao. Alitumwa kutazama wanavyoishi na kuleta lililo jema, akaadhibiwa kwa kulileta.

Atakayewatafsiri Wadrow kwa Kiswahili atapaswa kuchagua. Akiwaita mazimwi, amewanyima mji wao, sheria zao na kinanda chao, kama wanacho. Akiwaita majini, amewapa dini na ukoo, na msomaji wa pwani ataanza mara moja kuuliza ni wa bahari au wa bara, na wanataka kafara gani. Akiwaita watu wa kuzimu, amewafanya babu zetu, na mchezaji atasita kuchomoa upanga. Katika matatu hayo la mwisho ndilo linalofaa zaidi, na ndilo litakaloharibu mchezo. Ubao wa kuchezea utabaki mezani, dado litabaki mkononi, na mtu atalazimika kuulizwa jina la mama yake.